Uji wa Kaka Yako

3 Februari

Wifi Pasi,

Salamu nyingi zikufikie hapo dobi, wewe na mvuke wako. Huku hatujambo. Chumba nilichohamia kiko juu ya duka la vifaa vya umeme, na mwenye duka anajaribu kengele za mlango tangu asubuhi, kwa hiyo kutwa nzima nainuka kumfungulia mtu asiyekuwepo. Mama mdogo ameniambia goti lake limepata nafuu. Amekusalimu.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu. Nikipiga, kaka yangu anakunyang'anya, anasema, "Nusu Daktari, mimi mzima," kisha anaingia kwenye habari za greda lake na mawe aliyoyasukuma, mpaka salio linakwisha. Ni wewe uliyeninong'oneza kwamba walipopimwa kazini sukari yake ilikutwa mpakani. Yeye mwenyewe hajatamka neno.

Sasa sikiliza. Ile karatasi ya ushauri niliyokutumia mwaka jana, ya kupunguza wali na kunywa uji wa nafaka isiyokobolewa kila asubuhi, huwa tunampa kila anayepita mlangoni, mnene kwa mwembamba. Haina ubaya, ila haimjui mtu. Kitengo chetu cha lishe kimeanza utafiti wa namna nyingine. Tunawapa watu kipande kilekile cha mkate, tunawapima damu kabla na baada, halafu tunamshauri kila mmoja kufuatana na mwili wake ulivyojibu. Wiki iliyopita nilikuwa na fundi bomba na karani wa benki kwenye benchi moja. Mkate uleule ulimpandisha karani juu kabisa, na fundi bomba akabaki chini kama aliyekunywa maji. Tukawapa ndizi mbivu, mambo yakageuka. Nilirudi nyumbani nikashindwa hata kula, kila nikitazama sahani najiuliza mimi ningekuwa upande gani.

Ninakutumia mashine ndogo ya kupimia, vijiti vyake na visindano vya kutobolea kidole. Mpime kaka yangu kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya kula, na uniandikie alichokula. Karatasi ya zamani iwekeni kando. Tumtazame yeye.

Wifi yako,
Nusu Daktari

27 Februari

Wifi yangu Nusu Daktari,

Kifurushi kimefika salama, ingawa mtu wa posta alikitikisa sikioni kama anayetafuta karanga mbovu. Sisi wazima. Hoteli ya kona imeanza kutuletea mashuka, basi mimi na mwenzangu tunashinda kwenye joto la pasi mpaka nguo za mwilini zinahitaji kufuliwa pia. Paa linavuja upande wa jikoni. Kaka yako ameahidi kupanda, na unazijua ahadi zake za kupanda.

Alipoiona mashine yako alijifungia bafuni. Mtu anayekata kilima kwa greda, anakimbia kisindano kisichofika urefu wa punje ya mchele. Nikasimama mlangoni nikimbembeleza kwamba hakiumi. Akajibu kutoka ndani, "Kama hakiumi, anza wewe." Nikaanza mimi. Alipofungua mlango nilijitoboa mbele yake huku nikicheka, ili aone. Ndipo akatoa kidole, uso kaugeuzia ukutani.

Hebu niulize: mtu anajuaje kama mashine ni mbovu? Siku ile ya kwanza ilitoa namba ya ajabu. Nikaifuta kwa kitambaa, nikaendelea na kaka yako, ikatulia. Labda ilikuwa imechoka na safari.

Haya, habari ya Greda wako. Wali ambao tumemnyima mwaka mzima unampandisha kidogo tu, hata nane haifiki. Uji ule wa nafaka, niliokuwa nikiamka kumkorogea kila alfajiri, unamrusha mpaka kumi na moja na zaidi. Nilirudia mara tatu, siku tofauti, nikidhani nimekosea. Kaka yako amefurahi kama aliyeshinda kesi. Anasema alijua siku zote kwamba ule uji una nia mbaya naye. Mimi nimebaki nashangaa. Kwa nini iwe hivyo? Ni tumbo lake, au ni ukaidi wake?

Na wewe unakuja lini? Miaka minne sasa tangu harusi yetu. Chumba cha nyuma kiko wazi, nimekifungia pazia jipya.

Wako,
Pasi

19 Machi

Wifi Pasi,

Barua yako imezunguka ofisi nzima. Bosi wangu, mama mmoja asiyecheka ovyo, alicheka aliposoma habari ya bafuni, kisha akanirudishia akasema, "Huyu wifi yako anapima vizuri." Ameipigia mstari ile sehemu ya kurudia mara tatu.

Unauliza kwa nini. Ukweli ni kwamba tunajua kidogo. Kuna wanaotazama vijidudu vinavyoishi matumboni mwetu, ambavyo kila mtu ana vyake. Kuna usingizi, kuna umbo, kuna urithi, kuna mtu anakaa kutwa au anatembea. Uji ukisagwa laini sana unapita upesi, na kwa mwili wa kaka yangu pengine ndiyo shida. Jaribu haya: ale mboga kwanza, wali baadaye. Siku nyingine abadilishe, wali kwanza. Kisha siku moja atembee kidogo baada ya kula, na siku nyingine akae kitako. Uone kama namba zinabishana.

Kuhusu mashine, niliijaribu mwenyewe kabla sijaifunga, na ilikuwa sawa. Hiyo namba ya ajabu ilikuwa ngapi, na ilitoka kwenye kidole cha nani? Mkono ukiwa na masalia ya tunda au sukari, mashine hudanganyika. Nawa, kausha vizuri, pima tena. Nijibu hili usisahau.

Kengele za chini zimeongezeka. Sasa kuna moja inaimba kama ndege.

Nusu Daktari

6 Mei

Wifi yangu,

Niwie radhi kwa kimya. Shule zimefunguliwa, kila mzazi anataka sare yake leo na si kesho. Hatujambo wote. Paa bado linavuja, ila sasa tunajua ndoo ikae wapi. Kichekesho cha mwezi ni kwamba nimemkabidhi mchungaji suruali ya mwamuzi wa mpira, na mwamuzi nikampa ya mchungaji. Vibandiko vya majina siku hizi vinaandikwa kwa wino mwembamba mno, macho yanavikosa. Mchungaji alirudi ameivaa, maana hakuwa na nyingine, akasimama mlangoni kwa heshima zake zote, imemfika juu ya kifundo.

Joto la dobi mwaka huu limezidi. Jagi la maji nalimaliza kabla ya saa nne, na bado koo linadai.

Kaka yako sasa haambiliki kwa kupima. Mboga kwanza wali baadaye, namba inakuwa ndogo. Wali kwanza, inapanda. Akitembea mpaka kwa kinyozi na kurudi, inashuka. Siku moja aligombana na msimamizi wao, akaja nyumbani hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, akajipima, namba imepanda. Anataka umwambie hasira ni chakula cha aina gani, na kama inaliwa kabla ya mboga au baada.

Unga wa uji ulibaki nusu gunia. Yeye haugusi tena, na kuutupa ni dhambi, kwa hiyo naumalizia mimi, kikombe kikubwa asubuhi na kingine alasiri, nipate nguvu. Nimechoka kidogo siku hizi. Sketi zimenipwaya, nimezibana kiunoni mbili, lakini hiyo ni kazi ya kusimama.

Hujaniambia unakuja lini. Au ni mimi nisiyetakiwa kuonekana? Natania.

Pasi

15 Mei

Wifi,

Leo salamu ni fupi. Nimesoma barua yako mara mbili nikiwa nimesimama.

Nilikuuliza swali moja mwezi Machi nikakuomba usisahau. Hukulijibu. Badala yake umeniandikia kuhusu jagi la maji, macho yanayokosa vibandiko, uchovu na sketi za kubana. Umeziweka mbalimbali kama mtu anayeficha vitu ndani ya kapu la nguo, lakini mimi kazi yangu ni kupanga vitu kama hivyo kwenye mstari mmoja.

Kidole cha siku ile ya kwanza kilikuwa chako. Mashine haikuwa mbovu.

Usiuguse uji huo tena. Nenda kliniki, kesho ikiwezekana, umweleze mganga yote uliyoniambia mimi kwa mzaha. Usinijibu kwanza. Nenda kwanza, barua baadaye.

Utasema wewe ni mwembamba, na sukari ni ya wanene kama kaka yangu. Baba yetu alikuwa mwembamba kama fimbo ya mwavuli. Kila mtu alimwambia ale zaidi, na alipopimwa hatimaye mguu ulikuwa umeshaharibika. Unaniuliza kila barua nakuja lini, nami nairuka. Hicho chumba cha nyuma ulichokifungia pazia ndicho alichofia. Sijaweza kukiingia tangu mazishi; hata siku ya harusi yenu nililala kwa mama mdogo nikatoa sababu ya uongo. Si wewe, wifi. Haikuwa wewe hata siku moja.

Nenda.

Nusu Daktari

22 Julai

Wifi yangu mpendwa,

Nilipokea barua yako siku ya Alhamisi. Niliikunja nikaitia ndani ya aproni, nikapiga pasi mashuka yote ya hoteli bila kuinua kichwa. Siku tatu zilipita nikijifanya sijaisoma. Jumatatu nikaenda.

Ilikuwa kumi na saba. Ndiyo namba ya Februari, na kliniki walipata inayokaribiana nayo. Daktari, kijana mwenye mikono baridi, aliniuliza nimekaa na dalili hizi muda gani. Nikamjibu kwamba sikujua ni dalili, nilidhani ni dobi. Hakunigombeza. Ameniandikia vidonge na kuniambia nirudi kila mwezi, maana anataka kuona kama vitatosha. Macho yameanza kutulia. Nasoma vibandiko sasa, na mchungaji ameniletea kanzu yake bila woga.

Nikueleze kwa nini nilificha, kwa kuwa umenieleza lako. Mimi ni mke niliyeletwa kwenu. Miaka minne na mtoto bado. Nilipoiona ile namba, kitu cha kwanza nilichosikia kichwani ni sauti za ndugu zenu sebuleni, wakisema tumeletewa mgonjwa. Na wewe ni dada wa mume. Ningekuandikiaje wewe? Nikaona bora mashine iwe mbovu. Tena nyumba hii tayari ilikuwa na mgonjwa wake, anapikiwa, anaulizwa hali, anajisikia. Sikuona pa kuuweka ugonjwa wa pili.

Kaka yako nilimwambia jioni ileile ya kliniki. Alikuwa anafungua buti. Aliendelea kufungua kamba ya buti ambalo lilikuwa limeshafunguka. Halafu akauliza, "Ule uji. Umeunywa miezi mingapi?" Nikamwambia. Akaenda jikoni, akaubeba mfuko wa unga, akatoka nao mlango wa nyuma, na aliporudi mikono ilikuwa mitupu na macho mekundu. Mpaka leo sijui aliupeleka wapi, na sijamuuliza.

Kilichoniuma baadaye ni masufuria mawili. Daktari alisema yanayomfaa mume si lazima yanifae mimi, nipime nione. Tukapima. Wali ambao yeye anaubeba bila shida mimi unanipandisha hata nikianza na mboga. Viazi vya kuchemsha vilivyolala na kupoa mimi sivishindwi sana, yeye vinamsumbua. Basi nikawa napika chake na changu, tunakaa mezani kama wapangaji wawili. Siku ya nne alisukuma sahani yake akasema hawezi kula chakula ambacho hata harufu yake mimi siruhusiwi kuifuata. Nikamwambia ndivyo miili ilivyo. Akasema, "Basi tutafute ambavyo miili yote miwili inakubali."

Ndicho tunachofanya, wifi. Tunapika kitu kimoja, tunakula pamoja, kisha tunakaa tunasubiri saa mbili ziishe na vidole vyetu, kama watu walioweka dau. Ikipanda ya mmoja, chakula kinafutwa. Maharage na mboga nyingi yamepita. Mayai asubuhi yamepita. Samaki na bilinganya, wamepita vizuri kabisa. Dengu zimepita kwangu, kwake zimekataa, na amezisikitikia kama rafiki aliyehama. Anauliza kama kuna vyakula ambavyo hatujavifikiria. Mimi nauliza kwa nini sisi tunaolala kitanda kimoja, tunaokunywa maji ya bomba moja, tusifanane hata kidogo ndani.

Jibu ukipata nafasi.

Pasi

9 Agosti

Wifi yangu,

Sikuanza na salamu kwa sababu kwanza nililia, kisha nikacheka habari ya dengu, kisha kengele ya chini ikalia nikaenda kumfungulia mtu asiyekuwepo.

Ahsante kwa kwenda. Sitaandika zaidi juu ya hilo, kalamu haitafika.

Nilimsomea bosi wangu kile kipande cha kutafuta chakula cha wawili. Akaniomba nikisome tena. Sisi tunampima mtu mmoja mmoja, amekaa peke yake kwenye benchi, amepewa kipande cha mkate ndani ya sahani ya plastiki. Tunampa ushauri wake, anarudi nyumbani kwenye sufuria ya watu sita. Miezi yote hii ya kazi, na hatujamuuliza hata mmoja anakula na nani. Sasa tumeanza kuuliza. Karani wa benki, kumbe anamlea mama yake asiyeweza kula kitu kigumu, ndiyo maana mkate haukosekani kwao. Hatujui bado tutafanya nini na majibu haya, lakini yanatujia mengi, na kila moja linafungua jingine.

Kwa nini hamfanani, hilo sijui. Nakuandikia kwa furaha kabisa kwamba sijui.

Kuhusu ndugu zetu wa sebuleni, nimezaliwa nao, nawajua midomo. Wakisema, watakuwa wamenisema na mimi.

Nimeomba likizo. Nafika Septemba, wiki ya pili. Nitalala chumba cha nyuma. Nikishindwa, nitalala sebuleni, na mtaniachia.

Nusu Daktari

14 Oktoba

Wifi yangu,

Natumai ulifika salama na kengele zako zilikupokea. Nyumba imekuwa kubwa ghafla tangu uondoke. Kaka yako amepanda paa hatimaye, kwa aibu, kwa kuwa ulimtishia kupanda wewe. Chumba cha nyuma sijakibadili. Lile shuka ulilolalia nimelifua, na dirisha naliacha wazi mchana kama ulivyoliacha wewe asubuhi ile ya pili, ulipotoka ukasema umelala.

Daktari ameridhika nami mpaka sasa. Vidonge vinaendelea. Asubuhi nyingine namba inanikasirikia bila sababu, nami naanza upelelezi: nililala vibaya, nilisimama sana, au ni mwili tu umeamua. Zamani ningeogopa. Sasa nataka kujua.

Nina habari ya jana. Shangazi yenu, dada mkubwa wa marehemu baba, alifika na begi la wiki nzima. Hajavua hata viatu, akasimama katikati ya sebule akasema, "Nimesikia humu ndani mna mgonjwa wa sukari. Ni nani, nijue wa kumpikia?"

Kaka yako alifungua mdomo, na nilijua anachotaka kusema: kwamba ni yeye. Nikamshika mkono. Basi akageuza, akamwambia shangazi kwamba humu ndani anayeuliza hupimwa kwanza. Nikatarajia fujo. Shangazi akatutazama mmoja mmoja, akavua viatu, akakaa, akanyoosha kidole. Nilimwekea kisindano kipya. Hakupepesa hata jicho, tofauti na mtu tunayemjua.

Tulikula pamoja, maharage na mboga na wali kidogo wa kwake. Tukasubiri. Alikataa kwenda kulala, alikataa hata kuhama kiti, asije akaharibu jibu. Saa mbili zilipotimia namba yake ikaja nzuri kuliko ya kaka yako, naye akaiomba mashine aishike mkononi aitazame mwenyewe. Aliishika muda mrefu. Halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe, mama, yako leo ilikuwa ngapi?"

Nikamwambia. Nilimtajia namba yangu kwa sauti, hapo sebuleni, mbele ya mkubwa wenu, na nikasubiri uso wake ubadilike.

Akauliza kama hiyo ni ya kabla ya kula au baada.

Nikamwambia ni ya baada. Akavuta kiti chake karibu na changu, akataka nimweleze tangu mwanzo.

Wako,
Pasi